Waya wa Kurudi: Taa, Swichi na Maneno Yake Mjini Bujumbura

Miaka michache iliyopita, wakati wa kukarabati nyumba tunayokaa katika mtaa wa Ngagara mjini Bujumbura, palitukia ajali ndogo ambayo ingaliweza kuwa msiba. Mafundi wawili walikuwa wakitia taa tatu katika ujia unaotoka sebuleni kwenda vyumbani. Taa hizo zilikusudiwa ziwashwe na kuzimwa kwa swichi mbili, moja kila mwisho wa ujia, ili mtu aingiapo usiku awashe huku, na afikapo mlangoni mwa chumba chake azime kule. Mkubwa wao, mtu wa makamo, alijifunza kazi hapa hapa mjini katika shule ya ufundi iliyofundisha kwa Kifaransa. Mdogo alikulia ukimbizini mkoani Kigoma, nchini Tanzania, na huko ndiko alikojifunza kazi, kwa Kiswahili, mikononi mwa mafundi wa huko. Wote wawili ni Warundi, wote wawili walikuwa wakizungumza Kiswahili, na sisi tuliokuwa tumeketi sebuleni tukisahihisha madaftari tulifurahi kuwasikia.

Kijana alikuwa juu ya ngazi, na mzee yuko chini kwenye swichi. Balbu zilikuwa bado hazijatiwa. "Mzee, huu waya mweusi ni upi?" akauliza kijana. "Huo wa kurudi, mwanangu," akajibu mzee bila kugeuza uso. Kijana akaushika kwa vidole viwili. Mara tukasikia ukelele na kishindo cha ngazi. Mwenyezi Mungu alimwepusha: aliungua ncha za vidole, akateguka mguu, akapona. Walakini yale waliyosemezana baada ya hapo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya. Mzee alisema kwa uchungu, "Si nimekwambia ni wa kurudi?" Naye kijana, huku ameukumbatia mkono wake, akajibu, "Ndiyo sababu nikaushika, Mzee."

Hakuna kati yao aliyesema uongo, wala hakuna asiyeijua kazi yake. Umeme huingia katika taa kwa waya mmoja na kutoka kwa mwingine. Ule unaouleta, mafundi wa Tanzania na Kenya huuita waya wa moto, au laivu. Ule unaouondoa huitwa nyutro, na fundi anayetaka kumweleza mwanafunzi wake kwa Kiswahili chepesi humwambia kuwa huo ni waya wa kurudi, kwa maana umeme umekwisha kufanya kazi yake na sasa warejea ulikotoka. Waya huo ukiwa umeungwa vema haumpigi mtu, ingawa fundi mwenye busara hauamini. Sasa, fundi aliyesomeshwa kwa Kifaransa naye ana neno retour, na maana yake ni kurudi. Lakini kwake hilo ni jina la waya mwingine kabisa: ule utokao kwenye swichi kwenda kwenye taa. Umeme umeshuka ukutani hadi kwenye swichi, na kwa waya huo hupanda tena, hurudi darini kuifuata taa. Swichi ikiwa imewashwa, waya huo umebeba volti 220 zote. Mzee alilitafsiri neno la shuleni kwake kwa Kiswahili sahihi kabisa, na kijana alilielewa kwa Kiswahili sahihi kabisa.

Rangi nayo ilishiriki katika hila hiyo. Kwa desturi ya kale ya Waingereza, iliyoenea Tanganyika, Kenya na Uganda, waya mwekundu ulikuwa wa moto na mweusi ulikuwa nyutro. Waingereza wenyewe waliiacha desturi hiyo kuanzia 2004, wakachukua kahawia kwa moto na buluu kwa nyutro kama mataifa mengine ya Ulaya, lakini nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina nyaya za kale ndani ya kuta zake, na mafundi wengi wana rangi za kale ndani ya vichwa vyao. Kwa fundi wa Bujumbura, aliyefuata desturi ya Wabelgiji na Wafaransa, nyutro ni buluu, na mweusi ni miongoni mwa rangi za waya wa moto. Kwa hiyo kijana alipoona rangi nyeusi na kusikia neno kurudi, alipata mashahidi wawili wa jambo lisilo kweli.

Kosa la kwanza, bila shaka, lilikuwa kutozima swichi kuu iliyo karibu na mita, na mafundi wote wawili walilikubali. Lakini sisi ni walimu wa lugha, na hilo la pili, la maneno, ni letu. Tumeona basi si vibaya kuichungua historia yake kidogo.

Neno umeme lenyewe ni kongwe kuliko taa zake. Katika kamusi za wamisionari wa karne ya 19, kama ile ya Krapf iliyochapishwa London mwaka 1882, umeme ni ule wa mawinguni uletao radi. Mwaka ule ule wa 1882 Edison alifungua mjini New York kituo chake cha kuuza umeme kwa nyumba za jirani. Na mwaka uliofuata Sultani Barghash bin Said akajenga Unguja jumba lake la Beit al-Ajaib, ambalo hutajwa kuwa jengo la kwanza katika sehemu hizi kuwa na taa za umeme. (Jumba hilo, ole wetu, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.) Watu wa pwani walipoona mwanga usio na utambi wala mafuta, walitazama juu mbinguni wakachukua jina lililokuwako. Wenzao wa Kenya walishika njia nyingine. Umeme wa kuuzwa ulipoanza Mombasa na Nairobi katika mwaka wa 1908 na baada yake, watu waliuita stima, neno lililokwisha kuzoeleka kwa meli za moshi. Maana mvuke na mitambo mikubwa vilikuwa jambo moja machoni pa mtazamaji. Mkenya hata leo husema stima imepotea, na Mtanzania aliyezoea kuiona stima ziwani hucheka.

Huku kwetu mambo yalichelewa. Wajerumani waliweka boma lao Usumbura mwaka 1897, na pamoja na askari na wafanyabiashara wa boma hilo Kiswahili kilijijengea kambi kando ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916. Chini yao ulitengenezwa mtaa wa Buyenzi, ambao hadi leo ni nyumba ya Kiswahili katika Burundi na pia nyumba ya mafundi: gari likiharibika, mtu huambiwa alipeleke Buyenzi. Ngagara ni ya baadaye. Ilijengwa na shirika la nyumba la serikali ya kikoloni lililoundwa mwaka 1952, OCAF, na wazee wengi huuita mtaa huo kwa jina hilo mpaka sasa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mitambo ya Mururu, pale mto Ruzizi unapotoka katika Ziwa Kivu karibu na Bukavu, ilianza kuzalisha umeme ulioletwa kwa nyaya ndefu kupitia bonde la Ruzizi hadi Usumbura. Mwaka 1962 nchi ikapata uhuru na mji ukaitwa Bujumbura, na kazi ya kugawa maji na umeme ikawa ya REGIDESO. Baadaye Burundi, Rwanda na Zaire ziliungana mwaka 1983 katika kampuni ya SINELAC, ambayo ilijenga mtambo wa pili juu ya Ruzizi, ukaanza kazi mwaka 1989. Na Burundi yenyewe ilikuwa imekwisha kufungua Rwegura mwaka 1986, megawati 18, jirani na msitu wa Kibira.

Tumetaja mambo haya kwa sababu umeme na maneno yake havikupita njia moja. Umeme ulitujia kutoka kaskazini, kwa mkondo wa Ruzizi, na shule za mafundi zikaufundisha kwa Kifaransa. Kiswahili kilitujia kutoka mashariki, kwa njia ya Ujiji na ziwa. Hivyo ng'ambo ya Ruzizi, huko Uvira na Bukavu, watu wengi huchukua neno la Kifaransa courant na kulitamka kwa ulimi wao. Watu wa Kigoma husema umeme. Nasi hapa mjini husema yote mawili, huku nyumbani tukisema kwa Kirundi umuyagankuba, yaani upepo wa radi. Tazameni jinsi Mrundi na Mswahili wa pwani, bila kuulizana, walivyotazama juu kwenye wingu lile lile. Taa nayo Mrundi huiita itara, na mwanafunzi wetu wa darasa la kwanza hahitaji kufafanuliwa undugu huo. Bali waya wa moto, nyutro na wa swichi havikupata bahati hiyo. Vililetwa na vitabu, na vitabu vilikuwa viwili.

Na turudi kwenye swichi. Mwaka 1884 Mwingereza mmoja wa Newcastle, John Henry Holmes, alibuni swichi ambayo ulimi wake huruka kwa ghafla, ili cheche isipate nafasi ya kuunguza shaba. Swichi za nyumbani zimeifuata kanuni hiyo. Swichi tuliyoing'oa katika ujia wetu ilikuwa ya ukoo huo: ya mviringo, nyeusi, na moja tu, mlangoni mwa sebule. Kwa miaka mingi kila aliyekwenda kulala alizima huko na kutembea gizani akipapasa ukuta, au aliiacha taa ikawaka hadi asubuhi na ugomvi ukazuka siku ya kulipa.

Swichi ya ncha mbili huponya maradhi hayo. Kila moja ina skrubu tatu. Skrubu moja ni ya mama: hapo ndipo ulimi ulipokaziwa. Mbili zilizobaki ni za watoto, na ulimi hulalia mtoto huyu au yule, haukai katikati. Waya wa moto huletwa kwa mama wa swichi ya kwanza. Kutoka kwa watoto wake nyaya mbili hukimbia sambamba hadi kwa watoto wa swichi ya pili. Mama wa swichi ya pili hutoa waya uendao kwenye taa. Ndimi zote mbili zikilalia waya mmoja kati ya zile mbili, njia ni nzima na taa huwaka. Ndimi zikitofautiana, njia hukatika. Ndiyo maana mtu aliye upande wowote akibonyeza hubadili hali iliyopo, iwe mwanga, iwe giza.

Hapa pana jambo ambalo kijana wetu alilijua kwa kichwa lakini hakulikumbuka kwa mkono. Swichi ya kawaida husema hali yake: fundi akiiangalia hujua imewashwa au imezimwa. Swichi hizi mbili hazisemi. Kile kilichokuwa kuzima jana, leo ni kuwasha, kwa kuwa mwenzake kule amegeuzwa. Kama hakuna balbu darini, hakuna ajuaye. Kuna na mpangilio mwingine wa zamani, wa kuokoa waya, ambao hupeleka moto na nyutro katika kila swichi na kuiweka taa kati ya mama na mama. Katika huo taa yaweza kuwa imezimika huku pande zake zote mbili zina moto, kwa hiyo anayebadilisha balbu huigusa mauti katika taa iliyolala. Kanuni za Marekani ziliukataza tangu miaka ya 1920, nasi tumeukuta katika nyumba moja ya jirani.

Mwalimu wa lugha atapenda kujua jinsi mataifa yalivyokiita kifaa hiki kimoja. Mmarekani huiita swichi ya njia tatu, maana amehesabu skrubu. Mwingereza huiita ya njia mbili, maana amehesabu mahali ulimi unapoweza kulalia. Mfaransa hakuhesabu chochote: aliita va-et-vient, yaani nenda-rudi, akimwona mtu apitaye ujiani. Na zile nyaya mbili za kati Mmarekani aliziita wasafiri, Mfaransa akaziita navettes, kwa jina la kile chombo cha mfumaji kinachopita huku na huku kati ya nyuzi. Kijana aliyenunua kitabu cha Kimarekani sokoni akaambiwa atafute swichi ya njia tatu dukani kwa muuzaji aliyezoea Kiingereza cha Kenya, atarudi mikono mitupu au atauziwa kitu kingine.

Kitenzi nacho kina mtego. Kiswahili huwasha na kuzima taa, kama kiwashavyo na kuzima moto, na matumizi hayo ni salama. Lakini wapo wasemaji wengi, Kenya, Kongo na hapa kwetu, wasemao "funga taa" kwa maana ya kuzima. Mwanafunzi huyo huyo akiingia katika somo la fizikia huambiwa kuwa umeme hupita katika mzunguko uliofungwa, na kwamba kuufungua mzunguko ni kuukata. Kufunga taa ni kuzima. Kufunga mzunguko ni kuwasha! Tumekwisha kumwona mwanafunzi mwerevu akijibu swali la mtihani kinyume, na mwalimu wake akadhani hakusoma.

Baada ya wiki mbili, mguu wa kijana ulipopona, mafundi walirudi kumaliza kazi, na safari hii swichi kuu ilizimwa kwanza. Taa tatu zilifungwa sambamba, kila moja ikipata moto wake na nyutro yake baada ya swichi ya pili. Twasema hivyo kwa sababu tulipata kuona mahali pengine taa tatu zimeungwa kwa mfuatano, moja ikimpokeza mwenzake, hata volti 220 zikagawanywa mafungu matatu na kila balbu ikawa nyekundu kama kaa la jikoni. Mwenye nyumba alidhani ametiliwa kifaa cha kupunguza mwanga.

Kifaa hicho chenyewe tulikitaka pia, maana mama mkwe wetu huamka usiku na mwanga mkali humuumiza macho. Watu hudhani ni anasa ya siku hizi. Ukweli ni kwamba kila bibi aliyekuwa na kandili alikuwa nacho: kile kidude cha kuzungusha kando, kinachopandisha na kushusha utambi. Umeme ndio uliotunyima, ukatuletea mwanga wa kuwapo au kutokuwapo tu. Waliopunguza mwanga wa umeme mapema walikuwa watu wa tamthilia. Savoy Theatre ya London, iliyotiwa taa za umeme mwaka 1881, zapata 1,200, iliweza kufifiza jukwaa. Lakini vifaa vya namna hiyo vilikuwa vikubwa, na vingi vilipunguza mwanga kwa kuyageuza mabaki ya umeme kuwa joto, hata havikufaa ukuta wa nyumba. Ni mwaka 1959 ndipo Mmarekani Joel Spira alipobuni kifaa kidogo cha kuingia katika nafasi ya swichi. Hicho hakiuzuii umeme kwa ukinzani, bali huukata na kuurudisha upesi. Katika umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, hukata mara 100 kila sekunde, na jicho halitambui. Kadiri kila mkato unavyorefuka ndivyo mwanga unavyofifia.

Mzee alitueleza masharti mawili. La kwanza, kifaa hicho hutiwa upande mmoja tu wa ujia, na kiwe cha namna ya nenda-rudi, chenye skrubu ya mama na watoto wawili. Upande wa pili hubaki swichi ya kawaida. Vikitiwa viwili hugombana. La pili, balbu za LED si zote zinazokubali kufifizwa. Zisizokubali humetameta na kulia kama nzi, kwa hiyo mtu asome maandishi ya boksi kabla ya kulipa.

Jioni ile, kabla ya kufunika visanduku vya ukutani, tuliwaomba mafundi wetu wakubaliane majina. Mjadala ulichukua muda kuliko kazi yenyewe. Zile nyaya mbili za kati kijana alipendekeza ziitwe pacha, na mzee akakubali papo hapo, akisema ni bora kuliko neno la mfumaji ambalo hata Kifaransa chenyewe alilikariri bila kulielewa. Waya utokao kwa mama wa pili ukaitwa waya wa taa. Nyutro ikabaki nyutro, kwa kuwa wote wawili walikuwa wakiitumia tayari, huyu kwa matamshi ya Kifaransa, yule ya Kiingereza. Neno kurudi likaondolewa katika nyumba yetu. Mzee aliomba kalamu ya wino, akakata vipande vya utepe mweupe, akaandika kwa herufi kubwa na kuvibandika kimoja kimoja juu ya nyaya: MOTO, PACHA, PACHA, TAA. Kijana akapanda ngazi, safari hii na kipima-umeme mkononi, akasoma kwa sauti kila kipande kabla ya kukigusa, na mzee akaitikia toka chini.